Mstari Mmoja wa Mwanafunzi wa Lusangi

Mheshimiwa Administrata, mkuu wa territoire yetu, Bwana Mkurugenzi Mkuu wa chuo chetu, masheikh na mapadri mlioketi pamoja hapa mbele, wazazi mliotoka Kabambare na Nyangwe, na ninyi wanafunzi wangu: nawasalimia kila mmoja kwa heshima yake.

Leo tunafungua chumba cha mazoezi chenye ordinatere, yaani kompyuta, kumi na mbili, na mimi Zéphirin, baada ya miaka kumi na tisa ya kufundisha programu, nastaafu. Mmenisifu tangu asubuhi. Aksanti. Lakini nyingine kati ya sifa hizo naomba mzirudishe, maana nimekuja kuungama.

Je, tulifundisha namna gani bila mashine? Mnaocheka huko nyuma mnakumbuka. Tulisimama uwanjani, tukawa mashine sisi wenyewe. Olga alikuwa kumbukumbu, ameshika vikaratasi. Nathanaël alikuwa diski, analinda mafaili mezani. Mwingine anasoma programu mstari kwa mstari, na wote wanatii. Ilikuwa kazi nzuri, siidharau hata kidogo.

Sasa, miaka minne iliyopita, kijana mmoja wa Lusangi, Heri, aliongeza mstari katika programu niliyoandikisha. Aliandika hivi kwenye karatasi ya mtihani: kwanza uliza kama faili imefunguka, kama haikufunguka, sema, kisha simama. Nikakasirika. Nani alimuomba? Mbona uwanjani programu yangu haijawahi kukwama? Nikampa sufuri. Siku ya kutangaza matokeo niliisoma sufuri hiyo mwenyewe mbele ya watu wote, akakosa diploma kwa somo hilo moja, akarudi kulima kwao.

Mwezi uliopita mashine zikafika. Mwanafunzi wetu Chimène na wenzake wakanakili programu yangu kutoka daftarini, na faili ya kusomwa na programu hiyo mimi nilikuwa nimesahau kuiweka. Mashine zote kumi na mbili zikakwama. Ndipo nikaelewa. Uwanjani, faili ikikosekana, Nathanaël alikuwa anainuka kimya kimya kwenda kuiazima meza ya jirani. Ndivyo tulivyolelewa, mwenzako akikosa chumvi unampa. Lakini mashine haiazimi, wapendwa.

Nikatoa mtihani wa Heri kabatini, nikaandika mstari wake kwenye mashine moja. Mashine ikasema faili haipo, ikasimama kwa adabu.

Nikapanda pikipiki hadi Lusangi, nikamkuta shambani na mama yake, Mama Hidaya. Nilitegemea Heri anikemee. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwalimu, ule mustari iko sawa?" Miaka minne alikuwa anajiuliza hilo. Nililia pale pale kwenye mihogo, sioni haya kusema. Nikamwambia jibu nitalitoa mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndipo nilipomuaibisha.

Bwana Mkurugenzi, nakushukuru kwa kuita juri ya mitihani ikae tena. Jumatatu imesahihisha alama zake. Na ninyi wanafunzi, ingieni mle, jaribuni, koseeni, rudieni. Mwalimu akikosea, mwambieni, naye asikilize kuliko nilivyosikiliza mimi.

Wageni wetu, aksanti kwa uvumilivu wenu na kwa masikio yenu. Nimebakiza neno la mtu mmoja.

Heri, simama, mwanangu, mama yako akuone. Mstari wako ulikuwa sawa. Aliyekosa ni mimi. Njoo uchukue diploma yako.