Mawe ya Korpipuro

Ndugu zangu, majirani wa Rasivaara na nyote mliofika katika kanisa hili la Kuhmo, mimi ni Saimi, mtoto pekee wa marehemu, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya mama yangu, Tuovi Kemppainen, ambaye kijijini hamkuacha kumwita Tuovi wa Heikura.

Mama alizaliwa tarehe 11 Novemba 1947 huko Rasivaara, mtoto wa kwanza wa Taavetti na Hilja Heikura, katika nyumba iliyo juu kidogo ya kijito cha Korpipuro, ambacho siku hizo kilijaa mawe na samaki aina ya trauti. Majira ya joto ya mwaka 1955 kampuni moja ya mbao ilimwajiri babu kuondoa mawe hayo ili magogo yaelee bila kukwama, babu akaendesha tingatinga kwa fahari, na baada ya misimu michache trauti wakatoweka. Mama alizoea kusimulia jinsi bibi alivyosimama mlangoni na kikaango kitupu, akauliza, “Taavetti, samaki wako wapi?” naye babu akajibu, “Wataenda wapi, mke wangu, mto si upo palepale?” na bibi akamwambia, “Mto upo, nyumba zao ndizo umezitupa ukingoni.”

Alisoma shule ya msingi Rasivaara, akamaliza sekondari Kuhmo mwaka 1966, akahitimu biolojia katika chuo kikuu cha Oulu mwaka 1972, na mwaka uliofuata akaajiriwa Kajaani kama mtafiti wa mito. Wengi waliamini kwamba kijito kilichofunikwa na barafu kimelala, lakini mama alivunja barafu kwa shoka, akatia mikono, akakuta majani yaliyoanguka Septemba yakitafunwa na wadudu wadogo kipindi chote cha baridi, kila palipobaki jiwe la kuyazuia. Palipoondolewa mawe hapakuwa na jani wala mdudu, na theluji ilipoyeyuka, maji yakashuka kwa kishindo yakiwa yamebeba nitrojeni na virutubisho vingine vilivyokusanyika msituni tangu vuli, vyote vilipita mbio hadi ziwani, halafu kijito kikashinda na njaa majira yote ya joto. Ndiyo maana wiki za kuyeyuka kwa theluji zilikuwa kwake kama wiki za mavuno kwa mkulima, na hakukubali kuzikosa.

Tarehe 15 Juni 1974 alifunga ndoa na baba yangu, Urpo Kemppainen, fundi wa vyuma, nami nikazaliwa mwaka 1976. Kazi zilipoadimika, mwaka 1978 baba alivuka kwenda Västerås, Sweden, kama walivyofanya wanaume wengi wa huku, na kila Jumapili alipiga simu, “Njoo na mtoto, nimepata nyumba ya vyumba viwili,” na mama akamjibu, “Theluji ikishayeyuka tu, nakuja,” lakini theluji ilipoyeyuka kulikuwa na maji ya kupima, kisha majani ya vuli, kisha barafu. Siku moja baba alimwambia, “Tuovi, mimi ningezaliwa jani labda ungenifuata,” mama akacheka sana, akaweka simu chini, akaenda kwenye kibanda cha kuni na kukaa huko hadi nilipomfuata.

Januari 1984 alifungasha kweli, tukahamia Västerås, na baba akapaka jiko rangi ya manjano kwa furaha. Machi ilipofika, mama alishinda dirishani akitazama malori yakizoa theluji ya barabarani, hagusi chakula, hadi jioni moja mezani baba akaweka kijiko chini, akasema, “Nenda, Tuovi. Hapa unanitazama, lakini hunioni.” Mama akamwambia, “Twende sote basi,” naye akajibu, “Nikale nini kule, mawe?” wakacheka wote wawili huku wakilia, na mimi sikujua nifuate lipi.

Mama nami tukarudi Rasivaara, lakini ndoa yao haikuvunjika, baba alikuja kila kiangazi na kila Krismasi, na alikuwa ameshaagiza mbao za kujenga sauna, kibanda cha kuogea mvuke, kando ya Korpipuro, arudi moja kwa moja, moyo wake uliposimama huko Västerås mwezi Agosti 1998. Tulimzika hapa Kuhmo, mbao zikafika baada ya mazishi, mama akaijenga sauna ile pamoja na babu, na kila Jumamosi alitundika taulo mbili.

Mwaka 1999 alipata ruhusa ya kurudisha mawe kijitoni, na babu, mzee wa miaka themanini, akasimama ukingoni na fimbo yake akiamrisha, “Lile kubwa liacheni liwe la mwisho, nililitukana sana siku nilipolitoa, nataka nilitukane tena.” Oktoba 2005 trauti walirudi kutaga mayai. Mama alinipigia simu, akasema, “Wamerudi, mwanangu. Sasa nimwambie nani?” kwa kuwa bibi, babu na baba walikuwa wameshatangulia.

Alistaafu mwaka 2010, na vuli ya 2018 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akaomba auguzwe nyumbani. Siku zake za mwisho aliniuliza, “Maji yamepanda?” nikamjibu kwamba yamefika kwenye ngazi za sauna, naye akafumba macho, akatabasamu, “Urpo atanisema. Kila mwaka ni wiki hizi hizi zinazonichelewesha.” Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Mei 2019, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, akaniacha mimi na mjukuu wake, Oiva.

Tunawashukuru madaktari wa Kajaani, wauguzi waliokuja nyumbani hata barabara zilipokuwa tope, majirani walioondoa theluji mlangoni kwetu bila kuombwa, na ninyi wenzake wa kazini, ambao leo alfajiri mmepitia kijitoni kuchukua maji ya kupima kabla ya kuja kanisani, nawaona mmekaa na viatu vilivyolowa, na najua angevipenda kuliko maua.

Mama, tunakulaza kando ya baba. Pumzikeni kwa amani, na mara hii msiachane.