Kwa Wote Mlioacha Magari Mji wa Pili

Mheshimiwa Mkurugenzi wetu pamoja na mama uliyefuatana naye. Ndugu Meneja wa Fedha, uliyekubali leo kukaa mbali na kikokotoo chako. Wateja wetu wa siku nyingi mlioitikia mwaliko. Mafundi wa gereji, waosha magari, dada zetu wa kaunta. Na wewe binti yangu, uliyeketi karibu na mlango kama mtu anayepanga kuikimbia hotuba ya baba yake: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake na kwa nafasi aliyonayo moyoni mwangu.

Kwa wageni msionifahamu, mimi ndiye Mzee Rejesha. Jina hilo nilipewa na waosha magari, na limeniganda hata mke wangu analitumia akinikasirikia. Kazi yangu ilikuwa moja tu. Mteja akikodi gari hapa na kuliacha kwenye tawi letu la pili, ule mji ulio ng'ambo ya milima, mimi napanda basi la asubuhi, nalifuata, nalala huko, kesho yake nalirudisha hapa yadini. Leo nastaafu, na Mkurugenzi ameniomba niwaachie vijana walioajiriwa juzi maneno mawili matatu kuhusu biashara hii.

Vijana wangu, mnadhani kampuni hii inaishi kwa ile bei iliyobandikwa dirishani? Magari tunayanunua mengi kwa mkupuo, na muuzaji anatupunguzia. Tunayakodisha yakiwa bado yananukia upya, kisha tunayauza kabla hayajaanza kukohoa. Katikati ya kununua na kuuza ndimo tunamopatia riziki, na kila siku gari linapokaa yadini bila mteja, thamani yake inashuka na halituingizii kitu. Ndiyo maana bei inapanda likizo zikikaribia, na inanywea wiki zile ambazo dada wa kaunta anasinzia.

Na mteja je? Mteja anaiona bei ya dirishani, anafurahi. Akiingia ndani anaulizwa kwa tabasamu: utachukua bima ya kawaida, au ile kubwa ya kukuondolea wasiwasi? Mtaendesha wangapi? Mtoto hahitaji kiti? Kisha tunamzuilia amana, ambayo ni mali yake lakini haigusi mpaka gari lirudi salama. Akilirudisha tangi likiwa nusu, tunamjazia kwa bei yetu, si ya kituo cha mafuta. Akichelewa kidogo, tunamhesabia siku nzima. Sisemi ni wizi, Ndugu Meneja wa Fedha, usinikazie macho. Yote yamo kwenye mkataba. Ila nimewaona watu wazima wakiweka sahihi huku wakimbembeleza mtoto anayelia, na hao hawajasoma chochote. Vijana, wasomeeni. Watajieni jumla kabla hawajashika kalamu. Anayeijua jumla analipa na anarudi tena, na anayeshtukizwa analipa na kuusimulia ukoo mzima.

Sasa nije kwenye ada iliyolaaniwa kuliko zote, ada ya kuacha gari mji wa pili. Siku moja nililikuta gari limeachwa na mama mmoja muuguzi, aliyekuwa anahamia kule kikazi. Alikuwa bado amesimama kaunta na masanduku yake, anafoka.

"Hebu nielezeni," alisema, "mimi sirudi. Kwa nini nilipie gari kurudi?"

Nikamwambia, "Mama, kwa sababu gari halijui njia. Mimi ndiye ninayelirudisha. Umelipia nauli yangu ya basi, mafuta, na siku mbili ambazo gari halina mteja."

Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. "Basi liendeshe taratibu," akasema. "Hela yangu imo humo."

Ndugu zangu, yule mama hakujua alichokuwa amenilipia. Leo nataka kumshukuru, yeye na wote mlionung'unika mkalipa. Maana katika mji ule wa pili, mtaa wa tatu kutoka kituo cha basi, yuko mke wangu. Yeye ni mwokaji mikate. Tanuri lake la matofali alilirithi kwa mama yake, limejengewa ukutani, halibebeki. Na kule tawi letu ni meza moja na dada mmoja ndani ya kituo cha mafuta. Dereva wa kudumu hawamhitaji. Mke wangu hakuweza kuja, mimi sikuweza kuhamia. Watoto walikuwa wanataka kula na kusoma, hata nauli ya kwenda huko kwa hela yangu mwenyewe haikubaki. Kwa hiyo ndoa yetu iliendeshwa na wateja. Mtu akiacha gari kule, mimi namwona mke wangu. Wateja wote wakiwa waaminifu wa kwenda na kurudi, simwoni.

Mnaelewa sasa kwa nini nilikuwa nazungukazunguka pale kaunta? Dada wa kaunta, wewe ni shahidi. Nikimwona mtu ameingia na masanduku mengi, moyo unaruka. Nakuja polepole, najifanya natafuta kalamu. Nakuuliza, "Huyu anahama?" Nawe, bila kuinua macho, unanijibu, "Anakwenda harusini, Mzee. Jumatatu atarudi." Narudi zangu kwenye benchi. Hukuwahi kunicheka, na hilo sitalisahau.

Na nikifika nyumbani, kazi nayo inanifuata. Ninyi mnajua, gari likirudi tunalizunguka kulitazama: mkwaruzo huu ulikuwepo? Bampa hii iliondoka hivi? Basi nami nilikuwa nalizunguka banda la mikate, nautazama ukuta, nawatazama watoto. Huyu jino limetoka lini? Hii miwani, mama watoto, umeanza kuvaa lini? Mke wangu akaniambia siku moja, unga umemjaa mikononi, "We Rejesha, kaa kitako. Mimi sijakodiwa." Nikacheka, lakini iliniuma. Mtu anayeishi nyumbani haulizi vitu hivyo, kwa sababu alikuwepo vilipotokea.

Sijawahi kukaa kwake siku ya pili. Kesho yake asubuhi gari linatakiwa liwe barabarani, maana gari lililosimama ni hasara, na utaratibu huo niliuheshimu. Mikate ya kwanza ikitoka tanurini mimi niko nyuma ya usukani na mmoja mapajani, wa moto, umefungwa kitambaa. Nimeula mkate wa mke wangu barabarani maisha yangu yote. Sijui unavyokuwa ukipoa mezani kwetu.

Miaka hii ya karibuni, Ndugu Mkurugenzi, mmeleta kompyuta inayopunguza bei kwa mtu wa kule anayetaka kuja huku, ili alilete gari mwenyewe. Ni akili nzuri. Mteja anapona, kampuni inapona. Ila mimi safari zilikauka. Nilikaa kwenye benchi msimu mzima wa mvua, nikifurahia mafanikio ya kampuni yangu na kuyachukia kimoyomoyo. Nawaambia ukweli kwa kuwa hamwezi tena kunikata mshahara.

Wiki iliyopita huyu binti yangu wa karibu na mlango alinikalisha chini. Akaniambia, "Baba, unasema unakwenda kuishi na mama. Mama hajui kuishi na wewe, wala wewe hujui kuishi naye. Ninyi mmezoea kuagana."

Naogopa, ndugu zangu. Namtamani mke wangu kama kijana aliyechumbia jana, na wakati huohuo sijui nitamwambia nini keshokutwa, tukishamaliza habari za watoto. Huenda atachoka na sauti yangu. Huenda mahali pangu mezani pameshazoea kuwekwa kapu la unga. Lakini siku hiyo naitaka. Naitaka hata tukiimaliza kwa kugombana.

Sasa, Mheshimiwa, kabla sijapanda hapa umenitangazia zawadi. Umesema nichague gari lolote yadini, nikae nalo mwezi mzima, bila ada, bila amana, bima kubwa juu yenu, na tangi mmejaza wenyewe. Ukumbi umepiga makofi, na mimi nimeona uso wa Meneja wa Fedha. Najua mwezi mzima wa gari unawagharimu nini, na najua hamjawahi kumpa mtu yeyote. Nashukuru kutoka chini ya moyo wangu.

Lakini naomba nisilichukue.

Mke wangu ana swali moja. Kila nilipoegesha mlangoni kwake, kabla ya salamu, kabla hata ya kujifuta mikono, alilitazama gari na kuniuliza, "Linatakiwa lini?" Naye akishapata jibu ndipo ananikaribisha, maana ameshajua aninunie au anikumbatie haraka. Mkinipa gari la mwezi mmoja, ataniuliza tena, na mimi nitakuwa na jibu.

Kwa hiyo kesho nitapanda basi. Nitashuka kituoni nitembee, na begi langu, mtaa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Atatoka nje na unga mikononi, atatazama nyuma yangu kutafuta gari, na hataliona.

Ninyi mmenivumilia miaka mingi, na leo mmenivumilia tena kwa maneno haya marefu. Asanteni sana kwa kunipa masikio yenu. Gari hilo mkodisheni mtu anayehama.