Orrin Tveit, Aliyetuongoza Mezani Bila Sauti

Mchungaji wetu, majirani wa Westby, nanyi mliotoka La Crosse na ng'ambo ya mto, mimi ni Wendell Kolbeck, shemeji wa marehemu, na familia imenituma niwasomee safari ya ndugu yetu Orrin Halvor Tveit, nami naomba mnivumilie sauti yangu ikipanda mahali ilipopaswa kushuka, maana maisha ya mtu huyu siwezi kuyasoma kinyonge.

Orrin alizaliwa tarehe 3 Novemba 1954 katika shamba la ng'ombe wa maziwa la wazazi wake, mzee Halvor na mama Gudrun, nje kidogo ya mji huu, akiwa kitindamimba, akasoma shule ya msingi na sekondari papa hapa, na mwaka 1975 akaenda La Crosse kujifunza ufundi wa mitambo, na huko ndiko alikokutana na kitu kilichomteka hadi mwisho wa uhai wake, yaani ule mchezo wa kuigiza wa mezani, ambao wengi wenu mnaufahamu kwa kelele tu zilizokuwa zikipanda kutoka chumba cha chini cha nyumba yake.

Kwa asiyeujua, ni hivi: watu wanaketi mezani, mmoja anasimulia safari na kuwauliza wenzake, "Haya, mnafanyaje?", na wengine kila mmoja anakuwa mtu wa kubuni ndani ya safari hiyo, awe shujaa, mwizi au mchawi, anasema anataka kufanya nini, kisha dadu inaamua kama amefaulu au ameangukia pua, na msimulizi wetu alikuwa Orrin, wala sijasikia mwingine wa kumfikia.

Mwaka 1977 aliajiriwa na serikali ya wilaya kuendesha mtambo wa kuondoa theluji barabarani, na wakati wa kiangazi kuziba mashimo, akaifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwezi Mei 2016, naye alizoea kutuambia kwamba majoka yetu yote ya mchezoni yalizaliwa ndani ya mtambo ule, dhoruba ikivuma nje na yeye akiongea peke yake kwa sauti kubwa.

Tarehe 20 Juni 1981 alifunga ndoa na dada yangu Bernadine, katika kanisa hilihili, na Mungu akawajalia binti, Signe, aliyezaliwa tarehe 8 Machi 1985, ambaye leo ni mwalimu wa muziki huko Madison. Bernadine hakuupenda mchezo ule hata kidogo, nalisema hili kwa ruhusa yake, maana kila Jumamosi mchana alikuwa akishuka ngazi na kikapu cha nguo za kufua, anasimama, anatusikiliza, halafu anatupasha: "Mchana kutwa mnabishana kama kamba inafika ng'ambo, na kamba yenyewe haipo! Watu wazima nyie!"

Na hakukosea, kwani yuko Duane Pfaff, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyekuwa akifungua kitabu cha kanuni kila hatua, akisoma hadi joka lenyewe linachoka kutusubiri, na Signe alipokuwa msichana aliacha kucheza kwa kuchoshwa na kungoja zamu, na mimi mwizi wangu alipokufa kwa dadu moja mbaya, baada ya miaka mingi ya kumlea, nilinuna kama mfiwa. Lakini jamani, raha yake! Mimi, ambaye katika mikutano ya kanisa sijawahi kunyoosha mkono, pale mezani nilimtukana mfalme mbele ya jeshi lake, dadu yetu ya pande ishirini ikatua kwenye ishirini, namba ya juu kabisa, mfalme akavua taji akanipa, na Duane akapanda juu ya kiti akipiga mayowe!

Tarehe 9 Januari 2019 Orrin alipatwa na kiharusi akiwa uani kwake, akalazwa La Crosse kwa majuma kadhaa, na aliporudi nyumbani mkono wa kulia ulikuwa mzito na maneno yalikuwa yamekwisha kabisa, akili yake ikiwa timamu, jambo lililomuumiza kuliko yote, hata akawa anaugeuza uso ukutani tulipomtembelea. Jumamosi moja ya Aprili, theluji ikiyeyuka, Duane alimshika mkono, akamteremsha ngazi, akamweka kwenye kiti chake na kumwambia, "Mzee, sisi hatuna msimulizi mwingine. Tuonyeshe tu, tutabahatisha."

Orrin akanyoosha mkono wa kushoto, ule uliokuwa mzima, akauyumbisha, kisha akakata nao hewa. Nikasema, "Joka!" Duane akasema, "Ndege aliyevunjika bawa!" Akarudia kwa hasira, nasi tukazidi kupotea, ndipo sauti ikatoka kwenye ngazi, Bernadine akiwa na bakuli la viazi mkononi: "Daraja, vipofu nyie! Anasema daraja limekatika!" Orrin akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Januari, akamwonyesha dada yangu kiti kilichokuwa kando yake.

Tangu siku hiyo Bernadine akawa kinywa chake, yeye akionyesha na mkewe akisema, na kwa kuwa hakuna aliyemjua Orrin kuliko yeye, tulisafiri kama zamani, hata viazi vikapoa bila kuguswa. Na mwezi Juni, Duane alipokuwa anasoma kanuni eti kamba yake lazima ifike, Orrin alipiga meza akanguruma, "Hapana!" Duane akakitupa kitabu, akalia na kucheka pamoja: "Nimekataliwa! Jamani, nimekataliwa kwa mdomo!" Bernadine alimkumbatia mumewe shingoni, akimwambia, "Mkatalie tena, mpenzi, mkatalie tena," naye akamkatalia tena na tena, tukashangilia kila mara, na baada ya neno hilo mengine yakafuata, machache, ya kukwaruza, lakini yake mwenyewe.

Mwaka huu moyo ulianza kudhoofika, na Jumamosi yetu ya mwisho alitufikisha mbele ya lango la mji tuliokuwa tukiutafuta tangu kabla ya ugonjwa, akatabasamu, akasema, "Kwanza tule." Hakurudi tena mezani, na alfajiri ya Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 2023, alifariki dunia nyumbani kwake, Bernadine na Signe wakiwa wamemshika mikono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, mwalimu wa matamshi aliyekubali kumfundisha kwa maneno ya majoka, majirani waliosafisha njia yake kila theluji ilipoanguka, madereva wenzake wa wilaya, na akina mama wa kanisa walioandaa chakula kinachotungoja hapo chini.

Jana tulipokuwa jikoni kwa wafiwa, Duane alishindwa kujizuia, akamuuliza dada yangu huku machozi yakimtoka, "Shemeji, alikwambia kuna nini nyuma ya lango?" Bernadine akajibu, "Hakuniambia. Kila nikimuuliza anacheka tu." Akaendelea kufuta sahani, kisha akaiweka chini na kututazama mmoja mmoja, "Lakini kuna mtu anabisha hodi langoni, kwa ndani. Haya, mnafanyaje?" Na sisi, tukiwa na suti zetu nyeusi, tukavuta viti.

Lala kwa amani, Orrin, nasi tunakushukuru.