Minoti Barua, Mkalimani Aliyetafsiri Hata Matusi

Tarehe 30 Juni Dada Minoti Barua anastaafu baada ya kutumika miaka thelathini na miwili katika ofisi yetu hapa kambi ya wakimbizi ya Kutupalong, Bangladesh. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu nimekaa naye meza moja miaka kumi na mitano. Mimi mwenyewe sitastaafu. Mrohingya aliyefukuzwa Myanmar hana nchi, na asiye na nchi haajiriwi. Naitwa "mtu wa kujitolea", na cheo hicho hakina mwisho.

Alikuja mwaka 1992 kutoka mji jirani wa Ramu, binti wa Kibudha mwenye miaka ishirini na saba, na lugha yake na yetu ni kama mtu na binamu yake: wanaelewana, na kila mmoja anamwona mwenzake anaharibu maneno. Wiki ya kwanza wazee walimcheka hadi tambuu ikawatoka midomoni. Wiki ya tatu alikuwa anatafuna tambuu kuliko wao.

Kazi yake ilikuwa kukalimani kwa ajili ya wajumbe wa nchi jirani. Nao walikuja! Kila msimu wa kiangazi, maana wakati wa mvua tope letu halina adabu kwa viatu vya ngozi. Wote waliuliza swali lilelile: "Je, mngependa kurudi kwenu?" Mzee Abul Kashem, marehemu sasa, alichoka. Siku moja akamwambia Minoti, "Mwulize huyu bwana, kijiji changu kikiungua tena, nikimbilie kwake? Anipe anwani." Minoti akatafsiri, akatoa na kalamu. Anwani haikuandikwa.

Lakini siku ninayotaka kuisimulia ni ile ya mkutano wa nchi jirani, miaka minne iliyopita, katika hoteli moja ya pwani huko Cox's Bazar. Mashua yenye watu wetu mia moja na arobaini ilikuwa imeharibika injini, ikielea baharini kwa wiki ya tano. Nchi ya kwanza iliwapa maji na biskuti, ikaisukuma mbele. Nchi ya pili ikasema ni ya nchi ya tatu. Nchi ya tatu ikasema inalitafakari suala hilo kwa uzito. Ndani ya mashua alikuwamo Shomsida, binti wa mama Gul Bahar wa kitalu chetu hapa kambini. Nahodha alikuwa na simu ya setilaiti, na asubuhi hiyo Shomsida alimpigia mama yake: "Mama, maji yamekwisha. Tumeshawatupa watu kumi na tisa baharini."

Gul Bahar alikuwa amealikwa azungumze dakika tano, baada ya chai. Alisimama, akaitazama meza ya sambusa na kamba wa kukaanga, akaanza. Minoti akamfuata neno kwa neno.

"Ng'ombe wa jirani akitumbukia shimoni, mnamtoa kwanza, halafu ndiyo mgombane shimo ni la nani. Nyinyi mmekuja na futi ya kupimia shimo."

Mwenyekiti akakohoa. "Mkalimani, tafadhali fupisha."

"Siwezi, mheshimiwa," akajibu Minoti. "Bado hajafika kwenye matusi."

Akafika. "Anawauliza waheshimiwa kama mama zao wako hai," Minoti akatafsiri kwa sauti ileile anayosomea ratiba, "na kama wako hai, wanajua watoto wao wanafanya kazi gani?"

Watu wakainamia sahani zao. Ofisa mmoja wa nchi ya tatu, mtu mzima mwenye mvi, akavua vidude vya masikioni vya kusikilizia tafsiri na kuvilaza mezani. "Mama yangu yu hai," akasema. "Nipeni namba ya hiyo simu."

Minoti akatoka naye ukumbini. Kwa saa nzima alisimama katikati ya yule ofisa na Shomsida, simu mkononi, akitafsiri mahali jua lilipo, rangi ya maji, meli gani imeonekana na upande upi. Alipomaliza, sauti ilikuwa imemkauka. Kesho yake adhuhuri mashua ilivutwa ufukweni. Walishuka watu mia moja na ishirini na mmoja, Shomsida akiwa mmoja wao. Kamati ya mkutano ikatoa tamko la kujipongeza kwa ushirikiano wa kanda. Wale kumi na tisa hawakutajwa.

Minoti alipata barua ya onyo kwa "kutochuja lugha", na ukuu wa wakalimani ukaenda kwa mtu anayejua kuchuja. Yeye akaichukua barua hadi kibandani kwa Gul Bahar, akamsomea.

"Wameandika nimetukana mara mbili," Gul Bahar akalalamika. "Mimi nilitukana mara tatu! Umeniangusha, mwanangu."

"La tatu lilimhusu baba yake mwenyekiti, mama. Nilikuwa na mkopo wa nyumba."

Gul Bahar akacheka hadi akashika ubavu, kisha akalia, na Minoti akalia naye. Nilikuwapo, sikupata pa kutazama.

Dada Minoti, wajumbe wamekuja na kwenda, na bado sisi ni suala linalotafakariwa. Lakini kwa miaka thelathini na miwili hakuna aliyeweza kusema hakutuelewa. Tunakushukuru kwa kutusemea bila kutupunguza. Umetualika Ramu kula kwako, mwendo usiofika hata saa moja, na ofisi ya vibali vya kutoka kambini bado haijatujibu. Basi pumzika, nenepa, wasumbue wajukuu. Mungu akupe umri mrefu, mrefu kweli, hata utuone tukiingia uani kwako mchana kweupe, na mtu wa kwanza kutuuliza kitu awe wewe: "Mmeshakula?"