Mahari ya Chuo Kikuu

Ndugu zangu, asifiwe Bwana aliyenitoa Ntobeye nikiwa nimekwisha kukata tamaa!

Mimi ni mtoto wa mkulima. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa tuliacha migomba yetu ikiwa na mikungu, tukajenga kibanda cha nyasi. Mama alifia humo. Kaka yangu Filbert akanisomesha kwa kahawa yake, mpaka jeshi likamchukua kwenda vita vya Kagera. Nami nikafaulu kidato cha sita, nikachaguliwa chuo kikuu. Msichana wa Ntobeye! Lakini bila ufadhili nisingefika hata Biharamulo.

Baba akaitwa Ngara mbele ya kamati ya wilaya, aeleze hali yetu. Alivaa koti lake la pekee, akaingia peke yake, akatoka anatabasamu. Alidhani yamekwisha. Majina yaliposomwa, langu halikuwamo. Tulipouliza sababu, tukaambiwa tuwaachie wenye shida zaidi. Shida zaidi! Ndugu zangu, nililia mpaka sauti ikakauka. Nilimwambia Mungu waziwazi kwamba ametusahau.

Haukupita muda, gari la wilaya likasimama mbele ya kibanda chetu. Akashuka katibu wa kamati ile ile, mtu wa pwani. Alitumwa kutuambia kwamba Filbert ameuawa vitani. Baba aliketi chini, kwenye vumbi. Sikuwahi kumwona ameketi vile.

Katibu akahangaika namna ya kumfariji. "Pole sana, mzee wangu. Angalau binti yako amekwisha kupata mahari."

"Alipata mahari," baba akasema, "mkamnyima."

"Nani kamnyima mahari?"

"Ninyi! Mahari pa kusoma! Chuo kikuu!"

Ndugu zangu, wengi wetu kwetu kule, l na r hutugeuka mdomoni. Baba aliiambia kamati kwamba nimepata mahali Dar es Salaam. Wao wakasikia nimeposwa, ng'ombe wamo zizini, na mume wa mjini atanisomesha.

"Mahali," katibu akasema taratibu.

"Ndiyo," baba akajibu. "Mahari."

Yule bwana alivua kofia, akamwomba baba radhi palepale msibani. Akarudi Ngara, akawabana wenzake mpaka jina langu likaingia. Nikasoma! Asante Yesu! Lakini asante hiyo hunikwama kooni hadi leo, maana Filbert angekuwa hai, gari lile lisingekuja. Kwa nini njia ilikuwa hiyo, sijui. Namshukuru Mungu huku nalia.

Baba alikufa akisema mahari, nami sikumsahihisha hata mara moja. Basi wewe uliyeketi vumbini leo, wewe ambaye wakubwa wamekusikia vibaya, mtegemee Bwana. Yeye husikia ulichokusudia. Nakuambia kwa mdomo wa baba yangu: kwake kuna mahari pako.