Mpira wa Kwanza wa Kocha Laurensia

Kijiwe chetu pale kijijini Ndama kilikuwa gogo la mkaratusi mbele ya karakana yangu ya baiskeli, na birika la Elpidius, muuza kahawa, likichemka pembeni. Jumapili ile ya mwaka 1988, baada ya misa, hakuna aliyetaja mvua. Jana yake wasichana wetu walikuwa wamewafunga wasichana wa Bukoba mpira wa kikapu, na kila mtu alijifanya amekielewa kikapu cha kwanza. Alikuwapo Yustus, tuliyemwita Redio kwa sababu hazimiki. Alikuwapo Kahigi, yaani Askofu, bingwa wa methali, na Muhangi mchunga ng'ombe, jina la kijiweni Pembe. Pembezoni alikaa Anastazi, kibarua wa mashamba, mtu wa maneno machache. Tulijua wote kwamba alishamkataza binti yake Kampire asicheze, eti msichana hakimbii na kaptura mbele za watu. Tulijua pia kwamba jana Kampire alicheza. Tulianza kwa tahadhari, kisha kahawa ikatusahaulisha.

Redio: Sekunde nne, jamani! Mwamuzi karusha mpira wa kuanzia, nikapiga chafya, kufumbua macho mpira uko kikapuni!

Pembe: Mimi sikupiga chafya. Nimeona.

Redio: Haya, tueleze. Yule wa Bukoba mrefu kama nguzo ya simu. Kampire anamfikia kifuani. Mpira kaupataje?

Askofu: Haba na haba hujaza kibaba.

Redio: Kibaba kinaingiaje hapo?

Askofu: Kampire ndiye haba.

Redio: Acha kamba. Yule kocha Laurensia anapima upepo. Ijumaa nimemwona uwanjani, karusha majani juu, akayatazama.

Elpidius: Alikuwa anafagia.

Redio: Anayefagia hutazama chini! Yeye alitazama juu. Binti yule ana hesabu kichwani, nawaambia.

Pembe: Upepo wa nini? Laurensia kakulia kwenye ng'ombe, namjua baba yake. Ng'ombe akitaka kugeuka, pembe zinakudanganya. Tazama bega. Kocha alikwenda kuwatazama wale wa Bukoba wakicheza mechi nyingine, akalisoma bega la yule mrefu kama anayesoma gazeti.

Askofu: Hapana. Kampire kafungwa mawe miguuni miezi mitatu. Jana kafunguliwa. Mawe! Mtoto kapaa! Yule mrefu anashuka, kila kitu kimekwisha. Ndiyo maana wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Anastazi aliinua macho, akamtazama Askofu, akayarudisha kwenye kikombe.

Redio: Kapaa kweli. Alipofika kule juu akaliona paa la kanisa. Muulizeni, atawaambia bati gani limetoboka!

Tukacheka hadi Elpidius akamwaga kahawa.

Anastazi: Hakuruka.

Kicheko kikakatika.

Redio: Nani?

Anastazi: Kampire. Hakuruka.

Akavuta vikombe vitatu, akavipanga juu ya gogo.

Anastazi: Huyu Kampire. Huyu mrefu. Kampire kakunja magoti kama anayeruka, halafu kaacha. Mrefu karuka peke yake, kaupiga mpira nyuma, upande wa kushoto. Hapa. Na hapa, kikombe cha tatu, msichana mwingine wa timu yetu alishasimama anausubiri. Mrefu bado yuko juu, binti yangu keshaondoka. Aliye hewani hakimbii, bwana. Mrefu alipotua, Kampire kapewa pasi, katia.

Hatukuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo.

Pembe: Wewe si ulisema jana unashinda kibanjani kwa mzee Kaijage, unapunguza migomba?

Anastazi: Nilikuwa huko. Kibanja chake kinapakana na uwanja.

Redio: Ukatazama mechi nzima?

Anastazi: Mpaka filimbi ya mwisho. Mgomba mmoja nimeupunguza mpaka umekufa.

Safari hii hakuna aliyecheka.

Redio: Na Kampire anajua kwamba ulikuwapo?

Kabla hajajibu, Laurensia mwenyewe akatokea njiani, bado amevaa gauni la kanisani, mkononi ana kitu kimekunjwa.

— Shikamooni.

— Marahaba! Redio akaitikia. Kocha, njoo ukae. Tulikuwa tunakusifu hapa.

— Nimesikia. Mlipoona tunaanza mazoezi mlisema nafundisha watoto uhuni.

Redio akajikuna shingo. Laurensia akamgeukia Anastazi, akainama kidogo kwa heshima.

— Baba Kampire, Jumamosi ni marudiano, Bukoba. Leo baada ya misa Kampire amenirudishia jezi. Alikuwa analia. Anasema ukijua kwamba alicheza, hatakuwa na pa kuiweka sura yake. Sikuja kubishana nawe, wewe ndiye mzazi. Nina swali moja tu, nami nitaondoka. Amekosa nini?

Redio alitazama ndani ya kikombe chake. Askofu alifungua kinywa, akatafuta methali, akakifunga. Pembe alijifanya anafukuza nzi. Hata mimi niliinamia mnyororo wa baiskeli ambao nilikuwa nimeshautengeneza.

Anastazi alisimama taratibu. Akajifuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, kisha akaipokea ile jezi. Akaikunjua, akaitazama namba, akaikunja tena vizuri kuliko ilivyokuwa.

— Lile la kuacha kuruka, akauliza, mmelifanyia mazoezi muda gani?

— Miezi mitatu. Kila siku alikuwa anasahau, anaruka. Mtoto mfupi kumzoeza asiruke ni kazi, baba. Anataka kuwaonyesha watu kwamba anaweza.

— Lakini jana hakusahau.

— Jana hakusahau.

Anastazi akaiingiza jezi ndani ya koti lake, upande wa moyoni.

— Lori la Bukoba linaondoka saa ngapi?

— Saa kumi na moja alfajiri.

— Basi tuwekee nafasi mbili, akasema, akaanza kwenda nyumbani, hatua zake ndefu mno kwa mtu ambaye hakuwa na haraka.