Fundi Bado na Vitufe Vilivyofutika

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza mitambo ya chumba chetu cha kupokea simu za dharura, Fundi Bado anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina hilo tulimpa sisi. Ukimwuliza kama amemaliza kazi, hata kama ameshafunga sanduku lake la vifaa, atakujibu kwamba bado, kisha atalifungua tena.

Aliajiriwa enzi ambazo anwani ziliandikwa kwa kalamu kwenye vikaratasi na kukimbizwa dirishani kwa madereva. Kompyuta za kwanza alizifunga yeye, na za pili, na hizi za sasa. Hatujawahi kumwona akinywa chai ameketi. Hutembea na kikombe, akiinama kusikiliza feni ya mashine hii na ile kama daktari anayezunguka wodini. Mkuu wa kituo aliwahi kumpa kiti kizuri cha magurudumu. Baada ya wiki tulikikuta kimebeba betri.

Sasa niseme la kwangu. Miaka sita iliyopita nilikuwa na siku nane tu kazini. Asubuhi moja niliketishwa kwenye meza ya dada mzoefu aliyekuwa likizo. Yeye huandika bila kutazama vidole, kwa hiyo hakujali kwamba maandishi ya kibodi yake yalikuwa yamefutika, vitufe vimebaki vipara vinang'aa. Baba mmoja akapiga simu: mwanawe amebanwa na pumu. Nikapapasa zile tarakimu tupu, nikaandika nyumba namba themanini na tisa badala ya sabini na tisa. Gari la wagonjwa lilichelewa dakika kumi na moja. Mtoto alipona, lakini dakika zile bado zinanitembelea.

Kikao kikaitishwa. Barua ya kuniachisha kazi ilikuwa imeshachapwa, inangoja saini tu. Fundi hakualikwa. Aliingia na ile kibodi kwapani, akaiweka mbele ya mkuu wa kituo, akamwomba aandike upesi namba ya nyumba yake mwenyewe. Mkuu akainua kidole, kidole kikabaki hewani.

"Huyu binti hana kosa," Fundi akasema. "Kibodi natunza mimi. Kama kuna barua, iandikwe jina langu."

Barua ile haikusainiwa, na nyingine haikuandikwa.

Tangu siku hiyo Fundi akakosa utulivu kabisa. Kibodi zetu ni zile nzito, ambazo kila kitufe kina swichi yake na kofia ya plastiki yenye herufi, inayochomoka. Hakuhitaji kibodi mpya. Alihitaji kofia zisizofutika. Akaagiza sampuli. Zenye herufi zilizochapwa juu juu alizikataa siku ileile. Nyingine herufi zilidumu, lakini plastiki ikaanza kuteleza kama sabuni. Kila aina aliipangusa mara mia tano kwa dawa tunayosafishia meza, akihesabu kwa sauti hadi tukamfukuza chumbani. Nyingine alizitia mfukoni pamoja na funguo, akatembea nazo wiki nzima. Shemeji, mkewe, alitusimulia kwamba aliokota herufi kwenye beseni la kufulia, na kwamba mumewe alikuwa akila kwa mkono mmoja huku mwingine unabonyeza. Tulimwambia achukue zozote. Miezi minne ikapita.

Hatimaye alichagua zenye kuta nene, za plastiki ngumu yenye kukwaruza kidogo kidoleni. Herufi zake si rangi iliyopakwa, bali ni plastiki ya pili iliyopenya kofia kutoka juu hadi chini. Moja aliikata katikati kwa msumeno ili nijionee.

"Hata ikilika nusu, itasomeka," akasema. Akavipapasa vile vipande viwili tena na tena, nikajua hafikirii plastiki bali zile dakika kumi na moja.

Alizivisha meza zote kumi na nne mwenyewe, na kila kofia aliivuta mara mbili kuhakikisha imeshika. Tangu hapo hakuna anwani iliyopotea kwa sababu ya kitufe.

Mwezi uliopita aliomba aruhusiwe kuja kila baada ya miezi mitatu kukagua. Mkuu alimweleza kwa upole kwamba kanuni haziruhusu asiye mfanyakazi kuingia chumba cha simu. Fundi alipiga hatua kwenye korido mchana kutwa, huku na huko, hadi mfagizi akamwomba amwachie sakafu ikauke. Jioni akaja mezani kwangu.

"Basi mtakagua nyinyi," akasema, akaondoka.

Fundi, tumeanza. Leo asubuhi, kabla ya zamu, kila mmoja ameinamia kibodi yake akasoma kitufe kwa kitufe, kwa sauti, meza zote kumi na nne. Vyote vinasomeka. Asante kwa miaka yako yote, na kwa kuja kwenye kikao ambacho hukuitwa. Tunawatakia wewe na shemeji afya njema na siku ndefu za utulivu. Sasa keti, unywe chai.